Kipa Aliyeondoka Dirisha Likiwa Wazi

"Mchungulia dirishani haoni atokaye mlangoni."

Mmeisikia leo kwa fundi baiskeli, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni wahenga gani walioisema. Hakuna mhenga. Methali hii bado changa. Wapo hapa Muheza watu walioiona ikizaliwa, na baadhi yao hadi leo wakiisikia huinamisha macho. Basi tulieni, niwaambie ilikotoka.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, jina lake Mbaruku Singano, ambaye kibanda chake kilitazamana na soko la machungwa. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, na futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni hata Ijumaa alipokwenda msikitini, kwa kusahau. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Chungwa FC, timu ya mji. Hakuugombea uenyekiti huo. Alichaguliwa siku ambayo hakuwapo kikaoni, na tangu hapo kila aliposema anataka kuuachia, watu walimpigia makofi wakidhani anatania.

Mwaka ule alikuwa amechoka. Kazi ya cherehani alikuwa ameizoea, haikuwa hiyo. Kilichomchosha ni vikao, harambee za nauli ya wachezaji, na Jumatatu za kukaa kimya baada ya kufungwa Jumapili. Msimu uliopita Chungwa ilinusurika kushuka daraja kwa pointi moja tu. Pointi ile, kila mtu alijua, iliokotwa na mikono ya kipa wao, Nuhu Semboja, aliyepangua mpira wa kichwa katika dakika ya mwisho ya mechi ya mwisho.

Nuhu alikuwa mtu wa milima ya Amani, mpole, mwenye viganja vipana kama majani ya mgomba na maneno machache. Alishuka Muheza akiwa na umri wa miaka ishirini na moja, akapanga chumba cha uani kwa Mbaruku, na sasa alikuwa na ishirini na tisa. Kodi alilipa, lakini upangaji ulikuwa umeshakwisha zamani. Jumapili alikula nao. Bi Zaituni, mke wa Mbaruku, akikosa mtu wa kumpandishia gunia la mkaa, alipaza sauti tu, "Nuhu!" Glavu zake za kudakia zikifumuka, Mbaruku alizishona kwa uzi wa viatu, mishono midogomidogo, akazirudisha bila kuulizwa. Miaka minane Nuhu aliingia na kutoka katika nyumba ile, na hakuna aliyemsikia akibisha hodi.

Sasa ukafika mwezi wa saba, dirisha la usajili likafunguliwa. Kama mnavyojua, dirisha likifunguliwa, mji mzima hugeuka viongozi wa timu. Benchi la wateja pale kwa Mbaruku halikukaliwa tena na wateja. Lilikaliwa na ubishi.

Aliyevuma kuliko wote alikuwa Mntambo, muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani.

"Mimi nasema tusubiri siku ya mwisho," alisema, akipiga paja lake. "Siku ya mwisho ndiyo siku ya wanaume. Leo ukimtaka mchezaji, klabu yake inakuringia. Ngoja saa ziyoyome, dirisha linataka kufungwa, wanakuletea wenyewe mlangoni. Ni kama nyama tu. Njoo buchani kwangu jioni uone kama sijashusha bei."

"Na nyama ya jioni ina nzi," akasema Mwalimu Rehema Kilua.

Huyu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na nne kabla ya kustaafu, na nusu ya mashabiki waliokuwa pale aliwahi kuwapiga bakora. Hakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Alikwenda na mwavuli wake mweusi, jua au mvua.

"Miaka mitano mfululizo tumesajili siku ya mwisho," aliendelea. "Tumepata nini? Wa kwanza goti bovu. Wa pili alikuja na cheti cha kaka yake. Wa tatu alicheza mechi mbili, akaenda kwao kwenye arusi, mpaka leo arusi haijaisha. Mwenyekiti wetu ni fundi, muulizeni yeye. Nguo ya Idi hushonwa asubuhi ya Idi?"

Watu wakamgeukia Mbaruku.

"Wapo wanaoileta asubuhi hiyo," alisema bila kuinua macho kwenye sindano.

"Na hushonwa?"

"Hushonwa. Mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine."

Wakacheka, lakini ubishi haukuisha. Uliendelea kesho yake na kesho kutwa, maneno yaleyale. Mbaruku aliyasikia huku akikanyaga cherehani, na wakati mwingine alijikuta anakanyaga na uzi umekatika zamani.

Hatimaye walikubaliana jambo moja. Chungwa haikuwa na mfungaji. Hilo hata Mwalimu alilikubali. Na mfungaji mwenyewe alijulikana: Bulugu, mshambuliaji wa Shinyanga, mtu wa futi sita na ushei, aliyekuwa amefunga mabao kumi na saba msimu uliopita. Tawi likaamua kwa kauli moja kwamba mwenyekiti aende ofisini kwa katibu wa klabu, na aende tena na tena, mpaka Bulugu apatikane.

Jioni ya uamuzi huo Nuhu alikuja kibandani na glavu iliyofumuka. Akangoja watu wapungue.

"Mzee," alisema, "nasikia unakwenda kwa katibu."

"Nakwenda kesho."

"Ukifika, naomba unisemee na mimi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Nimemfuata katibu mara mbili, ananiambia ningoje, kwanza washambuliaji. Sitaki kitu kikubwa. Sitaki kwenda popote. Nataka tu waniite tukae chini, nisaini."

"Hilo dogo," alisema Mbaruku. "Nitamwambia."

Na kweli alikusudia kumwambia. Ila kesho yake katibu, mzee mmoja aliyeitwa Hoza, alimpokea kwa habari kwamba klabu ya Bulugu imekataa simu. Wakaingia katika mazungumzo ya Bulugu, na wakala wa Bulugu, na mjomba wa Bulugu aliyesemekana ndiye mwenye kauli. Mbaruku alirudi nyumbani kichwa kimejaa Bulugu. La Nuhu lilimtoka kama maji kwenye pakacha.

Mwezi wa saba ukaisha, na mkataba ukaisha nao. Nuhu aliendelea kwenda mazoezini kila alfajiri kama kawaida. Katikati ya mwezi wa nane, Mbaruku akirudi tena kutoka ofisini, alimkuta uani anafua jezi za timu nzima, maana mfuaji alikuwa mgonjwa.

"Shikamoo, Mzee. Ulinisemea?"

Mbaruku alikuwa amechoka, jua lilikuwa kali, na ukweli ungetaka maelezo marefu.

"Niligusia," alisema.

Hakuwa amegusia. Akaona aongeze neno la kumfariji. "Wewe mtu wa nyumbani, Nuhu. Nani atakusahau? Wa nyumbani hana haja ya kuitwa."

Nuhu alikamua jezi, akaianika kambani, akainyoosha mikono yote miwili.

"Hata wa nyumbani huitwa chakula kikiiva, Mzee," alisema kwa upole.

Mbaruku alicheka kidogo, akaingia ndani kulala.

Siku ya mwisho ya usajili ilikuwa Alhamisi. Majina yote yalitakiwa yawe yameingia kwenye mtandao wa wenye ligi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ofisi ya Chungwa ilikuwa chumba kimoja, chenye stoo ndogo ya vifaa pembeni, kilichokuwa zamani ghala la machungwa. Kilikuwa na mlango upande wa barabara ya soko, na upande wa pili, uwanjani, dirisha moja la nondo. Hoza alikuwa amewakataza mashabiki kuingia, basi tangu saa nne asubuhi walijipanga uwanjani, wakasongamana dirishani. Mntambo alipata nafasi ya mbele kabisa, akasimama juu ya kreti la soda, akawa anawatangazia waliokuwa nyuma.

"Amepiga simu! ... Anasikiliza! ... Amekuna kichwa!"

"Kakuna kwa furaha au kwa huzuni?"

"Amekuna tu! Ngoja ... amekunywa chai!"

Mbaruku alisimama kando ya kreti, mkono mmoja umeshika nondo. Kiuno kilimuuma. Hakuwa na haja ya kuwapo, na alijua kwamba kumtazama mtu akizungumza na simu hakuleti mshambuliaji. Lakini asingeweza kuondoka. Ingekuwaje Bulugu asaini na mwenyekiti yupo kibandani anakunja pindo la suruali?

Mwalimu Rehema peke yake hakuja dirishani. Aliweka kigoda upande wa mlango, chini ya mwavuli wake, akamwambia kila aliyepita kwamba yeye hawezi kugombania nondo na watu aliowafundisha kujumlisha.

Yapata saa nane Nuhu alikuja uwanjani, akapenya watu, akamfikia Mbaruku, akamgusa bega.

"Mzee, nina neno dogo."

"Subiri, Nuhu, subiri. Mjomba wa Bulugu yupo kwenye simu."

Nuhu akasubiri. Alisimama nyuma yake, mikono nyuma. Mntambo akatangaza kwamba Hoza amesimama, kisha kwamba ameketi. Watu wakapiga kelele, wakanyamaza, wakapiga tena.

"Mzee," Nuhu alisema tena, baada ya kitambo.

"Nuhu, mwanangu, si unaona?"

Mbaruku hakugeuka. Baadaye, alipoikumbuka siku ile, na aliikumbuka mara nyingi, kilichomuumiza zaidi kilikuwa hicho: hata uso wa kijana yule hakuuona. Aliona pua ya Mntambo na mgongo wa Hoza.

Saa kumi kasoro kidogo Nuhu alizunguka jengo, akaingia ofisini kwa mlango. Hoza alikuwa na simu kwenye sikio la kulia na kidole kwenye la kushoto. Nuhu alifungua stoo ya vifaa, akatoka na njumu zake na mfuko wake, akauweka ufunguo mezani. Watu kama sitini walikuwa wanachungulia chumba kile wakati huo, na Mntambo yupo juu ya kreti. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Nuhu yupo ndani." Wote walikuwa wanatazama simu.

Nuhu akatoka mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema akipita.

"Marahaba, baba. Mazoezini?"

Nuhu alisita kidogo. "Naenda, Mwalimu," akajibu.

Saa kumi na moja Hoza aliziba dirisha kwa gazeti, kwa kuchoshwa na macho ya watu. Mashabiki wakazomea. Mbaruku akaona apate nafasi ya kwenda nyumbani kuswali alasiri iliyokuwa inampita, kisha arudi. Alipoingia uani alimkuta Bi Zaituni ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha Nuhu, mlango wazi nyuma yake. Ndani palibaki kitanda cha kamba na msumari ukutani.

"Amekuaga?" Bi Zaituni aliuliza.

"Nani?"

"Baba Sauda, usiniulize nani." Sauti yake ilikuwa chini, bila hasira, na hilo lilimtisha Mbaruku kuliko hasira. "Asubuhi alikaa kwenye benchi lako saa nzima. Ulikuwa umeshakwenda kwenye dirisha lenu. Nikamwambia akufuate hukohuko. Amerudi sasa hivi, amefungasha, amenishika mkono. Mtu wa Luengera anamngoja stendi."

Luengera ilikuwa timu ya Korogwe, majirani na watani wao.

Mbaruku hakuswali. Alikwenda stendi kwa mwendo ambao miguu yake ilikuwa imeusahau, futi inampiga kifuani. Alimkuta Nuhu mbele ya duka la vocha, mfuko wake miguuni, na pembeni yake mtu mmoja wa makamo mwenye bahasha ya kaki kwapani. Yule mtu alimwona mzee anavyohema, akasogea mbali kwa adabu.

"Nuhu," alisema Mbaruku. "Nuhu, twende ofisini. Sasa hivi. Hoza akuandikie, saa bado ipo."

"Nimeshasaini, Mzee."

"Lini?"

"Sasa hivi. Huyu ndugu amekuja tangu asubuhi. Saa nane nilimwambia anisubiri kidogo. Saa tisa nikamwomba anisubiri tena. Saa kumi niliona haya, Mzee. Mtu kaacha kazi zake kwao, kaja kuniita, nami namweka juani."

"Ungeniambia, mwanangu!"

Nuhu alimtazama. Hakuwa na uso wa kulaumu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi siku nyingi.

"Nilikuambia mara tatu," alisema.

Wapiga debe walikuwa wanaita abiria wa Korogwe. Mbaruku akashika futi yake kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kupima kitu.

"Sikumgusia Hoza," alisema hatimaye. "Siku ile nilikudanganya. Sikumgusia hata kidogo."

"Najua, Mzee. Nilikwenda kumuuliza kesho yake."

"Ukajua, na Jumapili ukaja kula?"

"Mama alikuwa amepika."

Kisha Nuhu akainama, akauchukua mfuko wake.

"Siondoki kwa hasira," alisema. "Nataka ulijue hilo. Nilikuwamo mle ndani leo, nachukua njumu zangu, nikatazama dirishani. Nyuso zote zilikuwa pale, uso wako pia. Nikasema, nikisimama hapa katikati wataniona. Nikasimama. Mlikuwa mnachungulia dirishani, Mzee, nami nikatoka mlangoni. Hakuna aliyegeuza shingo."

Alimshika Mbaruku mkono kwa mikono yake yote miwili, akapanda basi.

Mbaruku alirudi uwanjani taratibu. Kutoka mbali alisikia ngoma na vifijo. Bulugu alikuwa amesaini saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Hoza amebebwa juujuu, miwani imepinda. Mntambo analia machozi ya kweli.

"Mwenyekiti! Mwenyekiti kafika! Sema neno!"

Wakampandisha kwenye kreti.

"Nuhu ameondoka," alisema Mbaruku.

Hawakusikia. Ngoma zilikuwa juu. Akasema tena, na tena, mpaka waliokuwa mbele wakanyamaza na kunyamazisha wa nyuma.

"Nuhu yupi?" aliuliza Mntambo, tabasamu bado usoni.

"Kipa. Amesaini Luengera."

Hoza aliteremka mabegani mwa watu, akaingia ofisini, akatoka na karatasi. Ilikuwa fomu ya Nuhu, imejazwa jina, umri na namba ya jezi. Ilikosa saini tu. Ilikuwa na duara la rangi ya chai, pale kikombe kilipowekwa juu yake.

"Nilikuwa namaliza la Bulugu kwanza," alisema Hoza. "La Nuhu nililijua ni la nyumbani."

Mwalimu Rehema alifunga mwavuli wake. "Alipita mbele yangu," alisema. "Mimi niliyekaa mlangoni. Nilimuuliza, 'Mazoezini?' Nikamjibia mwenyewe, nikaridhika."

Bulugu alikuwa mchezaji mzuri na mtu muungwana; msimdhanie vibaya. Alifunga mabao kumi na nane msimu ule. Lakini golini alisimama kipa wa akiba, mtu wa miaka thelathini na sita mwenye bega bovu, naye alijitahidi kadiri bega lilivyomruhusu. Chungwa wakawa wanafunga matatu, wanafungwa manne. Wanafunga mawili, wanafungwa mawili. Mashabiki walitoka uwanjani wakiwa wamefurahi na kuumia katika saa moja, na uchovu wa aina ile hauna dawa. Mechi moja kabla ya msimu kuisha, wakashuka daraja.

Luengera hawakuchukua kikombe chochote. Walimaliza wa sita, wakiwa salama.

Walipokuja kucheza Muheza, baadhi ya watu walimzomea Nuhu dakika za mwanzo, kisha wakaacha wenyewe. Baada ya mechi, Mbaruku akiwa uani anavua viatu, alisikia hodi. Bi Zaituni akaitikia, "Karibu." Ikapigwa tena. Wakatazamana, hawakujua ni mgeni gani. Alikuwa Nuhu. Amesimama nje ya mlango na kilo mbili za sukari mkononi, anangoja aambiwe aingie.

Alikula nao, akawasimulia habari za Korogwe, akaaga mapema kwa sababu basi la timu lilikuwa linamngoja. Mbaruku alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi aliketi kizingitini pa kile chumba cha uani mpaka usiku.

Mwaka uliofuata dirisha la usajili likafunguliwa tena, la daraja la chini safari hii. Tawi likakutana. Benchi lilikuwa na watu wachache kuliko zamani, ila Mntambo alikuwepo na sauti yake ilikuwepo. Alikuwa amesikia habari za winga mmoja wa Mtwara, mkali kama wembe. Akashauri mwenyekiti aende kwa Hoza kesho asubuhi, na wasubiri siku ya mwisho bei ishuke. Watu wakaanza kubishana, wengine siku ya mwisho, wengine leoleo, kama vile hakuna kilichotokea.

Mbaruku akainuka. Ilimchukua muda kuinuka. Akavaa miwani, akatoa karatasi mfukoni, akasoma majina saba. Hayakuwa majina ya wageni wa kutafutwa Mtwara wala Shinyanga. Yalikuwa ya beki wa kushoto, na kiungo aliyekuwa akiendesha bodaboda asubuhi, na Bulugu mwenyewe, na wengine waliokuwamo kwenye timu, ambao mikataba yao ilikuwa inaisha mwezi ule na hakuna aliyekaa nao. Watatu kati yao walikuwa wameketi palepale nyuma ya kikao, kimya. Walipoitwa majina yao waliinua vichwa kama watu walioamshwa.

"Mwenyekiti," alisema Mntambo, "hiyo si kazi ya katibu? Sisi tunazungumzia usajili."

"Nami nazungumzia usajili."

"Lakini winga—"

"Mntambo, ndugu yangu, nimechoka," alisema Mbaruku, na wote waliona kwamba hatanii. "Mwaka jana tulikuwa watu sitini kwenye dirisha moja. Wewe ulikuwa juu ya kreti, ulituhesabia hata mafunda ya chai. Kijana aliyekula sahani moja na mimi miaka minane alipita mbele ya macho yetu na mfuko wake. Alinigusa hapa begani. Kabla ya hapo aliniomba mara mbili nimsemee, nami nikamdanganya kwamba nimemsemea, kwa sababu niliona wa nyumbani haendi popote. Mchungulia dirishani haoni atokaye mlangoni. Sitakwenda kwa Hoza kumwulizia mgeni hata mmoja mpaka hawa saba wawe wameitwa, wameketi, wamesaini. Ambaye hataki, huu hapa uenyekiti. Na leo mkipiga makofi nitaondoka kweli."

Hakuna aliyepiga makofi.

Mntambo alitazama miguu yake. "Na Nuhu?" aliuliza, sauti imeshuka. "Hatuwezi kumrudisha?"

"Nuhu ana mkataba wa miaka mitatu," alisema Mbaruku akiikunja ile karatasi. "Tena Luengera walimwita mwezi wa tano, mapema, wakamwongezea. Aliniambia mwenyewe. Alifurahi."

Mwalimu Rehema aliandika maneno ya Mbaruku kwenye daftari la tawi, na kutoka hapo yakatembea. Yakaingia sokoni, yakaingia kwenye arusi, wanawake wakawatupia waume wenye macho ya nje, wazee wakawatupia wanao, na wanao wakawarudishia wazee. Wengi wanaoisema leo hawajui kwamba ilianzia kwenye mpira, wala kwamba aliyeitamka aliitamka akijishitaki mwenyewe.

Mchungulia dirishani haoni atokaye mlangoni.